Tiketi za bei chee za siku hiyohiyo, Lion King ya jukwaani New York: aliyewahi kupata naomba anielekeze

Mama wa Ipagala

Mbukwenyi wakuu, habari za humu.

Mungu akipenda mwezi wa tatu nitakuwa New York siku 12, shirika ninalofanyia kazi hapa Dodoma linanipeleka kwenye ule mkutano wa kila mwaka wa Umoja wa Mataifa wa hali ya wanawake. Kazi yenyewe naijua, haina shida. Shida yangu ni nyingine. Nje ya kazi nina watoto 22 hapa Ipagala tunafanya nao maigizo kila Jumamosi jioni, kanisa limetupa kaukumbi, na hawa watoto filamu ya Lion King wameiangalia mpaka flash imegoma, wanayapenda yale majina maana ni ya kwetu, Simba ni simba, Rafiki ni rafiki, na Pumbaa ndo hivyo kapumbaa. Sasa nikae siku 12 kwenye mji ambao hilo igizo linachezwa jukwaani tangu 1997 halafu nirudi sijaliona, nitawaambia nini jamani?

Nimeingia mtandaoni kuangalia bei. Siti za kawaida nimekuta dola 150, nyingine 180, yaani laki nne hivi, mtu mmoja, jioni moja. Posho yangu ni ya kula na nauli, na laki nne mimi nanunua vitambaa vya mavazi ya watoto wote na chenji inabaki. Nimesikia kuna tiketi zinauzwa siku hiyohiyo ya onesho kwa bei ya chini, wanaziita rush. Zinapatikanaje? Ni foleni au ni simu? Niwahi saa ngapi? Na mwenye pasipoti ya kwetu anauziwa kama wengine? Sijawahi kutoka nje ya Afrika Mashariki kwa hiyo msinifiche kitu, hata kile mnachoona ni kidogo niambieni.

Chilonwa Boy

Dada hongera kwa safari. Mi nimesoma huko miaka miwili, hela ya kula ilikuwa ya kuhesabu na bado niliona maigizo 14, hata moja sikulipa bei ya kawaida, kwa hiyo nakujibu kwa nilichokifanya mwenyewe.

Pasipoti usiiwaze kabisa, mtalii wa nchi yoyote anauziwa, ila tembea nayo maana wanaangalia kitambulisho chenye picha.

Sasa elewa kwamba watu wanachanganya vitu vitatu na kuviita rush vyote. Ile yenyewe ni ya dirishani. Ukumbi unatenga siti chache za siku ile, dirisha linafunguliwa saa nne asubuhi, Jumapili mara nyingi ni saa sita mchana, anayewahi ndo anapata, mtu mmoja mwisho tiketi mbili na zikiisha zimeisha. Enzi zangu nyingi zilikuwa kati ya dola 30 na 50. Nyingine ni za wanafunzi tu, kwa hiyo soma kwanza masharti kwenye tovuti ya igizo lenyewe usije ukasimama masaa mawili halafu ukaulizwa kitambulisho cha chuo. Ya pili ni ya kwenye simu, kuna apu inaitwa TodayTix, zile zinafunguka saa tatu kamili asubuhi na zinaondoka kama maji ya bombani siku ya mgao, uwe umeshajisajili na kuweka kadi tangu jana yake. Ya tatu ni droo. Na hapo ndo ushike vizuri dada, Lion King hiyo unayoitaka ni ya droo. Unaingia tovuti ya Broadway Direct (Broadway ndo wanavyoziita zile kumbi kubwa za maigizo za New York), unajiandikisha siku moja kabla, bure kabisa, ukishinda wanakutumia imeili na una dakika 60 tu za kulipia, zikipita anapewa mwingine. Kwa hiyo usiende kusimama pale Minskoff, ukumbi inakochezwa, asubuhi na baridi ukidhani kuna foleni ya rush. Hamilton, igizo lingine la hukohuko, nao ni droo, wao ni dola 10, wamechagua 10 kwa sababu huyo Hamilton anayeigizwa ndo sura yake iko kwenye noti ya dola 10.

Droo jaza kila siku utakayokuwepo, usijaze mara moja ukakata tamaa. Na jaza majina kama yalivyo kwenye pasipoti, sisi tuna majina matatu na tunayapanga tunavyojisikia, kule jina lisipofanana hupewi.

Ila na foleni usiiache, chagua igizo lingine uijaribu hata mara moja. Mi nilienda ya igizo linaitwa Chicago, hapohapo New York, ukumbi wa Ambassador, mtaa wa 49, mwezi wa pili. Nilifika saa mbili kasorobo asubuhi nikakuta watu watano. Baridi ya kule usiifananishe na ile ya Juni inayopuliza Area D, ile inaingilia chini kwenye soli inapanda. Mbele yangu alikuwepo mama mmoja mtu mzima, ameniangalia viatu vyangu, akafungua begi akatoa kipande cha boksi akakitupa chini akaniambia simama juu ya hicho. Hakuongeza neno. Nikasimama, na kweli baada ya dakika kumi miguu ikarudi kuwa yangu, maana baridi inayokuumiza foleni inatoka kwenye saruji. Tangu siku ile kila nikienda kwenye foleni nakunja boksi naweka kwenye begi, nawe fanya hivyo, maboksi yamejaa nje ya kila duka.

Dirisha likafunguliwa saa nne, kila mtu anajua nafasi yake hakuna kusukumana, ukitoka kwenda chooni unamwambia wa nyuma yako na ukirudi unakuta nafasi. Nilipata siti ya mstari wa mbele kabisa, pembeni kulia. Pembeni kweli sikuona kona moja ya jukwaa, lakini kwenye Chicago bendi inakaa palepale jukwaani, sasa mimi nilikuwa namuona mpiga tarumbeta anavyolamba midomo kabla ya kupuliza. Waliolipa mara nne yangu walikuwa nyuma huko hawajaona hicho.

Kama uko peke yako hiyo ni faida kubwa, siti moja moja zinabakia sana.

Zabibu Nyekundu

Nakazia hapo kwenye kadi maana ndipo nilipoumia. Nilifika dirishani baada ya kusimama karibu masaa mawili, natoa kadi ya benki ya hapa nyumbani, inakataa. Mara ya pili inakataa. Nyuma yangu watu wameganda wananiangalia. Kumbe benki yangu walikuwa hawajafungulia malipo ya nje ya nchi japokuwa niliwaambia kwa mdomo kwamba nasafiri na dada wa kaunta akaniitikia tayari. Kilichoniokoa ni noti za dola nilizokuwa nimeweka kwenye soksi, mama yangu ndo alinifundisha hivyo.

Kwa hiyo dada yangu usikubali neno tayari. Wakikwambia wameifungulia, hapohapo mbele yao lipia kitu kidogo cha mtandaoni cha nje uone imepita, ndo utoke benki. Na hasa wewe wa droo, dakika 60 zile ni za kulipa kwa kadi mtandaoni, hapo noti ya kwenye soksi haisaidii. Namba yako ya simu ya huku iwe inapokea meseji ukiwa kule maana kuna benki zinatuma namba ya siri kwanza ndo malipo yapite.

Mzee wa Hombolo

Binti yangu Mama wa Ipagala, nimefurahi kusikia habari za hao watoto. Nimefundisha sanaa za maonesho miaka mingi, sasa nimestaafu nalima zabibu zangu, lakini jambo hili nalipenda na nataka ujue lilikotoka, maana ukijua lilikotoka utajua na namna ya kulitumia.

Mwaka 1996 kulikuwa na igizo la muziki linaitwa Rent, kijana aliyeliandika ni Jonathan Larson, na alifariki Januari ya mwaka huohuo usiku wa kuamkia onesho la kwanza la majaribio, hakuwahi kuliona likifika Broadway. Igizo lenyewe linahusu vijana wasanii wasio na kodi ya nyumba. Lilipohamia Broadway wenye igizo wakaona si haki hadithi ya maskini itazamwe na matajiri peke yao, wakatenga mistari miwili ya mbele, dola 20 kila siti, zinauzwa siku hiyohiyo. Mbele, sio nyuma kule juu. Vijana wakawa wanalala nje kwenye lami kusubiri dirisha, foleni ikawa ndefu mpaka usalama ukawa na mashaka, ndipo 1997 wakageuza kuwa droo. Kwa hiyo hiyo foleni ya Chilonwa na hiyo droo ya Lion King ni mtu na mdogo wake.

Na usiende pale na unyonge kama unaomba msaada. Siti ya ukumbi ni kama siti ya basi, likishatoka Nzuguni ile iliyokuwa wazi huwezi kuiuza kesho. Pazia likifunguka siti tupu imekufa. Wao wanahitaji ijazwe na wewe unahitaji kuiona, ni biashara ya watu wawili.

Ila napingana kidogo na kijana wangu Chilonwa. Yeye alikuwa mwanafunzi, asubuhi zake zilikuwa zake. Wewe umetumwa na ofisi na vikao vya Umoja wa Mataifa asubuhi ndo vimejaa. Usiache kikao ukasimama na boksi mtaa wa 49. Droo jaza ukiwa kitandani. Foleni iwe Jumamosi. Na siku za kazi jioni ukitoka, kuna kile kibanda cha TKTS pale Times Square, chini ya zile ngazi nyekundu za kioo, kipo tangu 1973, kinauza siti za siku hiyo zilizobaki, punguzo la asilimia 20 mpaka 50 pamoja na ada kidogo. Kutoka makao makuu ya Umoja wa Mataifa unashika mtaa wa 42 unanyoosha kuelekea magharibi, nusu saa kwa mguu umefika, mitaa yao ina namba huwezi kupotea. Maigizo yanayojaa kila siku ni nadra kuyakuta kwenye ubao wa kibanda, Lion King usiitegemee pale, lakini mengine mazuri yapo.

Jambo la mwisho, ukipata Lion King na ukapewa kuchagua, omba siti ya chini kandokando ya njia. Wanyama hawatokei jukwaani tu, wanapita katikati ya watu. Aliyeongoza igizo hilo ni mwanamke, Julie Taymor, na 1998 alikuwa mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya Tony, ile kubwa ya maigizo ya Broadway, ya uongozaji wa igizo la muziki. Watoto wako wa kike waambie hilo jina.

Mama wa Ipagala

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma mara mbili na nimemsomea mume wangu. Nitafanya ulivyosema, vikao kwanza, foleni Jumamosi. Chilonwa na Zabibu Mungu awabariki, kesho asubuhi naenda benki na siondoki mpaka ipite.

Swali dogo, pale Times Square nikikutana na watu wanaouza tiketi mkononi, nao wana punguzo?

Kondoa Njia Panda

Usinunue. Usinunue. Walanguzi wapo pale kama walivyo nje ya uwanja siku ya Simba na Yanga, wanavaa vizuri na wameshika vipeperushi, wanakwita dada. Shemeji yangu alitoa dola 60 akapewa karatasi imechapishwa vizuri kabisa ina na mistari ile ya kuskani, alipofika mlangoni mashine ikalia nyekundu, akarudishwa mbele ya watu na mwenye kuiuza hakuonekana tena. Sehemu za kununua ni dirisha la ukumbi wenyewe, tovuti ya ukumbi, hiyo apu, na kibanda cha TKTS. Nje ya hapo mwambie asante na utembee.

Kingine ambacho hakuna aliyekigusa, Jumapili ya pili ya mwezi wa tatu Marekani wanasogeza saa mbele kwa saa moja, usiku. Wewe utakuwa hukohuko. Simu inajibadilisha yenyewe lakini ukiwa na saa ya mkononi utachelewa, mi nilichelewa foleni hivyohivyo nikakuta wameshamaliza. Na ukipanga kuwapigia watoto, kabla ya Jumapili hiyo tunawazidi masaa nane, baada yake masaa saba.

Halafu ukikuta mtandaoni bei imekushinda nenda dirishani uulize ileile siti, maana mtandaoni wanaongeza ada juu ya bei na dirishani ile ada haipo. Tofauti inaweza ikawa chakula cha siku nzima.

Mama wa Ipagala

MREJESHO

Wakuu nimerudi salama tangu Jumanne, nilisubiri usingizi ukae sawa ndo niandike.

Droo ya Lion King nilijaza siku tisa, kila asubuhi kabla hata sijapiga mswaki, na siku tisa zote imeili ilikuja ileile ya pole. Siku ya nne nililia kidogo nisiseme uongo, maana nilikuwa nimewaahidi watoto kwa simu.

Jumamosi nikafanya ya Chilonwa. Saa moja na nusu asubuhi niko mtaa wa 49 na boksi langu, nililiomba kwenye duka la matunda jirani na hoteli, jamaa akanipa bila kuniuliza la nini. Kulikuwa na watu watatu tu mbele yangu, upepo ulikuwa unakata masikio, nikajifunga mtandio mpaka puani. Nyuma yangu akaja binti wa miaka kama 20 amevaa raba nyembamba, anarukaruka. Nikakata boksi vipande viwili nikampa kimoja. Tukaongea mpaka saa nne. Kadi ikapita mara ya kwanza (Zabibu nilikukumbuka palepale), na mchana ule nikaiona Chicago mstari wa pili, na kweli bendi ipo jukwaani, na kweli nilimuona mpiga tarumbeta.

Lakini Lion King ilikuwa bado inanikaa rohoni. Jumatano kikao chetu cha mchana kikaahirishwa, nikanyoosha mtaa wa 42 kama mzee alivyosema mpaka Minskoff, nikaenda dirishani nikauliza siti moja, ya mwisho kabisa kwa bei, popote ilipo. Yule kaka akaangalia kwenye skrini muda mrefu. Akanigeuzia nione, siti moja imebaki katikati ya watu, juu kabisa karibu na ukuta, na bila ile ada ya mtandaoni ikawa imeshuka mpaka pale ambapo nikiacha chakula cha jioni siku tatu inatosha. Nikaichukua. Haikuwa rush na haikuwa droo, ila bila Kondoa nisingejua kuuliza dirishani.

Sasa mzee, wanyama waliopita kwenye njia za chini niliwaona vichwa tu. Ila kutoka juu kule nimeona kitu ambacho nadhani nisingekielewa nikiwa chini. Anaanza Rafiki peke yake, anaita kwa Kizulu, sauti inapanda mpaka kule kwangu ukutani, na jua linaanza kunyanyuka nyuma, ni jua la vitambaa, vipande vipande, linatetemeka kama lile la Oktoba ukilitazama kwenye lami ya kwenda Chamwino. Halafu wakaja watu wamebeba majani kichwani. Majani tu wakuu! Kila mtu amebeba kipande cha nyika juu ya kichwa chake, wanatembea pamoja, na ukitazama kutoka juu husemi ni watu, unasema upepo unapita kwenye mbuga. Nilifunika mdomo. Na twiga, mtu mmoja amesimama kwenye miti minne mirefu, miwili miguuni na miwili mikononi, na sura yake unaiona kabisa, hakujificha, na bado ni twiga. Simba vilevile, kinyago kipo juu ya kichwa na uso wa mtu upo chini yake, wote wawili wanakutazama.

Mimi nilikuwa nafikiri hatuwezi kuigiza wanyama mpaka tupate hela ya mavazi makubwa ya kufunika watoto mwili mzima. Miaka miwili nimekuwa naandika barua za kuomba hiyo hela.

Jumamosi iliyopita nimewaambia watoto waje na nyungo kutoka nyumbani. Zimekuja tisa. Tumefunga majani makavu juu yake kwa kamba za katani, wakabeba vichwani, nikapanda juu ya meza nikatazama kutoka juu. Bado hawajajua kutembea kwa pamoja, wa mbele anakimbia, lakini upepo umeanza kuonekana.

Nahitaji miti ya twiga. Mwenye mirunda iliyobaki site, minyoofu, minne tu na isizidi unene wa mkono, naomba anipm, nitaifuata mwenyewe kwa bodaboda hata iwe Nkuhungu.

Mzee wa Hombolo

Binti, mirunda ninayo sita, ya nguzo za mizabibu, haijatumika. Usije na bodaboda, mirefu hiyo. Ijumaa gari la mjukuu wangu linashuka mjini na mzigo, atakuletea hapo kanisani. Ila watoto waanze kujifunza kwenye mifupi kwanza, ya urefu wa goti, na kila mmoja awe na wa kumshika mkono.

Chilonwa Boy

Jumamosi saa kumi nakuja kushika mkono.